Benchi la Mama na Swali la Protoni

Kila mwaka darasa langu la fizikia pale Gachoka huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, kama chaji sawa hufukuzana, mbona protoni zimejazana kwenye kiini cha atomu na hazitawanyiki?" Swali zuri, jamani. Huwa najibu kwamba kuna nguvu kali inayozishika, ila ni ya karibu sana. Zikiachana kidogo tu, imeisha. Halafu kuna neutroni, zisizo na chaji, zinazokaa katikati na kuongeza mshiko bila kufukuza wala kufukuzwa.

Nikisema hivyo naona kibanda chetu cha kufungia miraa kule Laare. Kaka zangu wawili hawakupatana tangu utotoni. Mama alikaa kati yao kwenye benchi, akifunga mabunda kwa majani ya mgomba, nao wakirushiana maneno juu ya kichwa chake. "Tusi likinigusa mimi, leo hakuna chai!" alikuwa akisema. Hakuna aliyewahi kuinuka kabla kazi haijaisha. Mimi nilipanga vijiti vya miraa nikiwacheka.

Mama alipofariki, matanga yakaisha, wakagawana miti ya miraa. Mmoja akahamia Isiolo, mwingine Nairobi. Mimi nikabaki huku Gachoka, na chumba cha kupanga na redio.

Desemba nikawapigia simu. Tukutane nyumbani Krismasi, nikawaomba, japo siku moja. "Tuko pamoja, dada," akasema wa kwanza. "Usijali, tuko pamoja," akasema wa pili. Nikafurahi kama mjinga! Nikatangulia Laare, nikafagia kibanda, nikapanguza benchi, nikapika mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, kwa sufuria ya mama, ile kubwa, maana kwetu hakuna aliyewahi kupikia mtu mmoja. Jioni ikafika niko peke yangu. Simu zao zilikuwa zimezimwa. Nilikasirika, nikalia, nikala mukimo uliopoa, uliobaki nikawapelekea majirani.

Shule zilipofunguliwa, swali likaja tena. Nikajibu vizuri, hata nikachora kiini ubaoni. Msichana wa dawati la mbele akainua mkono.

"Na neutroni zote zikiondolewa, mwalimu?"

"Protoni zitatawanyika, kila moja kivyake."

"Na haziwezi kurudishwa pamoja?"

Nikageuka haraka nikaanza kufuta ubao. Wakapiga kelele kwamba hawajamaliza kunakili, lakini niliendelea kufuta.