Bi Gundi, jaji aliyekataa kutia saini

Saa mbili na robo asubuhi, Bi Gundi anasimamisha kitabu juu ya meza, mgongo chini, anakibana kwa viganja viwili, kisha anaachia. Kitabu kinasita kidogo. Halafu majani yanaanguka huku na huku, na kinalala wazi pale kilipopenda chenyewe.

Anainama kutazama namba iliyo chini ya ukurasa. Mia mbili na kumi na mbili.

"Umeona?" anamwambia karani wa kaunta, aliyeingia na rundo la nakala za kitabu hichohicho kifuani. "Haya, nipe kingine."

Kingine kinafunguka palepale. Cha tatu pia. Cha nne kinaangukia mia mbili na sita, lakini hicho, anaeleza Bi Gundi kwa sauti ya kumtetea mgonjwa, kiliwahi kulowa mvua, na tangu siku hiyo hakina akili timamu.

"Wewe na vitabu vyako," karani anacheka. "Siku moja vitakujibu."

"Vinajibu kila siku. Nyie ndio hamsikii."

Chumba chake kiko nyuma ya maktaba, kipana kama kitanda na nusu. Kuna kibanio cha mbao kilichomzidi umri, sindano zilizochomekwa kwenye kipande cha sabuni, na sufuria ndogo ya gundi ya unga ambayo huipika mwenyewe kila Jumatatu. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akishona na kujalidi vitabu vilivyochoka. Hupokea vitabu thelathini kwa wiki. Mshahara haujapanda kwa miaka sita, na dole gumba la kulia limepasuka kwa unyevu wa gundi hivi kwamba mashine ya kutambua alama za vidole benki hukataa kumtambua.

"Naambiwa mimi si mimi," anasema. "Basi namnyooshea yule kijana wa benki kidole cha kati, maana ndicho kizima. Mara ya kwanza alikasirika."

Mwezi uliopita, mwanamke huyu mwenye miaka hamsini na minane, ambaye hajawahi hata kupanda jukwaani, alisimamisha kazi ya mamia ya watu kwa kutofanya kitu kimoja tu. Hakutia saini.

Mambo yalianza pale kituo cha televisheni kilipotangaza kwamba kinatengeneza upya Kitabu cha Lango, ule utenzi mrefu wa mapenzi ambao kila aliyepita shule amekaririshwa japo beti kumi. Hadithi yake inajulikana. Mfua chuma anampenda binti wa mlinzi wa lango la mji. Vita vinakuja, mfua chuma anachukuliwa, anakaa huko miaka kumi na moja. Binti anakataa kila mchumba, anarithi funguo za baba yake, anafungua na kufunga lango mpaka siku mwanamume wake anaporudi.

Iliwahi kuoneshwa zamani, wakati televisheni moja ilitazamwa na mtaa mzima. Kuta za mji zilikuwa za mbao nyembamba, na mtu akifunga mlango, mji wote ulitikisika. Safari hii kituo kiliapa kufanya kweli. Tena kikaweka sharti la kujisifia: kabla ya kurushwa, sehemu zote nane zitatazamwa na majaji watano wa kawaida, wapenzi wa kitabu. Wote watano wakitia saini, muhuri unapigwa na msimu wa pili unaanza kutengenezwa. Mmoja akikataa, kila kitu kinarudi mezani.

Maktaba ikaombwa ipendekeze mtu. Mkuu wa maktaba hakufikiri mara mbili.

"Niliuliza nani amekisoma kitabu hiki mara nyingi kuliko wote," anasema mkuu huyo. "Jibu lilikuwa nyuma ya ukuta wangu, linapika gundi."

Kulikuwa na jambo moja ambalo Bi Gundi alilitaja mapema na wazi: binti yake wa kwanza ndiye fundi mkuu wa mavazi ya tamthilia hiyo, mwenye mafundi kumi na wanne chini yake. Kituo kikajibu kwamba hakina tatizo. Pengine kilidhani mama hawezi kumwangusha mwanawe.

Kutazama kulichukua siku tatu, katika ukumbi mdogo wenye viti vya kulaza mgongo. Siku ya kwanza Bi Gundi alipewa chai, na saa nne baadaye akaiona kikombeni vilevile, imepoa, imeota utando.

"Sikuwa na mdomo wa kunywea," anasema, na hata leo akisimulia anashusha sauti. "Lile lango! Nililijenga kichwani tangu nina miaka kumi na miwili, na wao wakalijenga kubwa zaidi. Lilipofunguka mara ya kwanza, mwanga ukaingia kupitia ufa, mwembamba kama uzi, ukapanuka, ukapanuka, mpaka nikajikinga macho. Kwenye kiti! Ndani ya ukumbi!"

Alitazama farasi mia tatu wakivuka mto kwenye ukungu. Alitazama tanuru la mfua chuma likipumua. Katika sehemu ya tano, binti wa lango anavaa vazi aliloshona mwenyewe kwa miaka yote ya kungoja, na kamera inasogea mpaka kitambaa kinajaza ukuta. Hapo Bi Gundi aliona kitu ambacho majaji wenzake hawakukiona. Kila mshono uliishia kwa fundo la kuzungusha mara tatu, kisha kurudi nyuma. Ni fundo la kushonea vitabu. Alimfundisha binti yake akiwa na miaka tisa, mezani pake, siku ambazo shule zilifungwa na hapakuwa na wa kumwachia.

"Nililia kama nimefiwa," anasema. "Dereva wa lori aliyekaa kando yangu, jaji mwenzangu, akanipa kitambaa cha kufutia kioo. Kinanuka mafuta. Nikakitumia hivyohivyo."

Kwenye fomu, uigizaji aliupa tisa. Mandhari kumi. Muziki tisa. Mavazi kumi, na kalamu ikatoboa karatasi.

Kisha ikaja sehemu ya nane. Mfua chuma anatokea mbali, kwenye vumbi. Binti anamwona kutoka juu ya ukuta. Anashuka ngazi mbio, anapita langoni, wanakimbiliana, wanakumbatiana, kamera inawazunguka, muziki unapanda, na mwisho. Majaji wanne walisimama wakipiga makofi. Wa tano alibaki ameketi, mkono mdomoni, akingoja.

"Nilidhani umeme umekatika," anasema.

Katika kitabu, hawakimbiliani. Mwanamume anafika, anasimama mlangoni. Mwanamke anaendelea kukunja nguo, kwa sababu hajui aifanyie nini mikono yake. Miaka kumi na moja amezungumza na mtu huyu kila siku kichwani, na sasa aliyesimama mbele yake ni mgeni mwenye mvi na kovu asilolijua. Anavuta kiti. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili unaanza hivi:

*Umerudi, nami nipo,*
*neno la kwanza halipo,*
*kaa kimya papo hapo,*
*tujuane upya, bwana.*

Kutoka hapo, kwa kurasa tisa, hapatokei kitu. Watu wawili wameketi. Wanaulizana mambo madogo madogo. Siku hizi unalala upande gani? Bado unaogopa radi? Mpaka, bila msomaji kujua ni ubeti gani hasa, wanakuwa mume na mke.

Dereva wa lori alijaribu kumtuliza. "Mama, kwani si wamekutana? Si ndilo tulilokuwa tunalisubiri?"

"Wewe ulilisubiri siku tatu," alimjibu. "Yule dada kasubiri miaka kumi na moja. Kukutana si kazi. Kazi ni kukaa."

Akaweka kifuniko kwenye kalamu yake, akarudisha fomu bila saini.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Binti alikuwa jikoni, bado amebeba begi, kipimo cha nguo kikining'inia shingoni.

"Mama, umenifanya nini?"

"Nguo zako nimezipa kumi."

"Nguo zangu zitavaliwa na nani, kama hakuna msimu wa pili? Nina watu kumi na wanne pale! Tumeshona miezi kumi na tisa. Vidole vimeota sugu, halafu wewe unakataa kwa ajili ya kurasa tisa ambazo hakuna anayezikumbuka?"

"Zinakumbukwa. Njoo kazini nikuoneshe zilivyochakaa."

"Unahukumu kwa uchafu wa vidole, Mama?"

"Ndiyo. Kitabu hakichafuki mahali pasipopendwa."

Binti akasema neno ambalo alidhani litamaliza ubishi. Alisema kwamba yeye anajua watu wanavyopokeana, maana anakumbuka siku Baba aliporudi kutoka kazi ya mbali, baada ya miaka sita. Alikuwa na miaka minane. "Tulimkimbilia mpaka barabarani. Hakuna aliyekunja nguo."

"Wewe ulimkimbilia," alisema Bi Gundi. "Mimi nilibaki hapahapa jikoni. Nilimwona dirishani amekubeba, nikajiuliza, yule mwanamume ni nani, na atataka kula nini."

Mumewe, fundi bomba mstaafu, alikuwa sebuleni akisikia kila kitu. Akiulizwa kuhusu siku ile, anajikuna kidevu na kucheka taratibu.

"Alinivutia kiti," anasema. "Akaniuliza kama natumia sukari. Mke wangu, wa ndoa! Nikasema, vijiko viwili. Nikaogopa kumuuliza yeye anatumia vingapi. Ilichukua kama miezi minne hivi, mpaka siku moja akanigombeza kwa kuacha taulo kitandani. Hapo nikajua nimefika nyumbani."

Binti hakuwahi kuambiwa hayo. Aliondoka bila kuaga, na mpaka leo salamu zake kwa mama zinapitia kwa baba.

Siku tisa baadaye, mwongozaji wa tamthilia alijitokeza mwenyewe mlangoni mwa chumba cha nyuma, mtu mrefu aliyelazimika kuinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiegemee hapo, gundi haijakauka."

Alikuja na hoja zake. Watazamaji wa sasa hawana subira. Waandishi wake walisoma kitabu chote, tena walipewa nakala bora kabisa ya maktaba, ile ya kabati la kioo, wakaisoma wamevaa glavu. Hakuna mahali ilipowaambia kwamba kurasa zile tisa ndizo roho ya kitabu.

"Ile haijawahi kuazimwa," alisema Bi Gundi. "Ingewaambia nini, maskini? Haijawahi kulaliwa na mtu."

Akampangia mezani nakala zote kumi na moja zinazoazimwa. Akaachia cha kwanza, kikafunguka. Akaachia cha pili. Kilipofika cha sita, mwongozaji alikuwa ameketi juu ya ndoo ya gundi iliyopinduliwa. Kurasa za wapenzi hao kuagana darajani, ambazo yeye alizipa mvua na dakika kumi na mbili, zilikuwa nyeupe kama zimetoka kiwandani. Mia mbili na kumi na mbili ilikuwa na rangi ya chai. Pembe zake zilikuwa laini kama kitambaa. Pembeni, penseli za watu wasiojuana zilikuwa zimeandika: *kweli*. *Na sisi*. *Amerudi leo*.

Katika nakala ya tisa, ukurasa huo umebandikwa kwa karatasi nyembamba mno, unaonekana kama una kovu. Bi Gundi alimsimulia. Msomaji mmoja aliuchana na kuondoka nao. Baada ya miaka miwili akaurudisha, umekunjwa mara nne ndani ya pochi. Mke wake alikuwa ametoka hospitali baada ya kulazwa muda mrefu, hamjui vizuri, na yeye hakuwa na la kusema, akawa anamsomea huo.

"Nikamuuliza, sasa mbona umeurudisha? Akasema, siku hizi tunapiga soga wenyewe."

Karani wa kaunta, aliyekuwa akichungulia, anasema alimwona mwongozaji akigusa ukurasa ule kwa ncha ya kidole kimoja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Niazime hii," alisema hatimaye.

"Una kadi ya uanachama?"

Hakuwa nayo. Ikabidi ajaze fomu kaunta kama watu wengine, na picha mbili za pasipoti.

Mpaka gazeti hili linakwenda mitamboni, hajairudisha. Inasemekana waigizaji wawili wakuu wameitwa tena, lakini kituo hakithibitishi wala hakikanushi. Uamuzi utatolewa mwisho wa mwezi. Ikiwa hapana, mafundi kumi na wanne wa mavazi watatafuta kazi kwingine, na Bi Gundi hajifichi mbele ya ukweli huo. Anawajua kwa sura. Wawili waliwahi kuja kwake kujifunza lile fundo.

Amebakiza miaka miwili astaafu. Tumaini lake si kubwa, anasema: aone tu, kabla hajazima jiko la gundi, viti viwili kwenye televisheni na watu wazima wawili wasiojua waanzie wapi. Ile tamthilia ya zamani, ya kuta za mbao, ilionesha hivyo. Haikuwa na fedha za farasi hata mmoja, kwa hiyo ilibidi iwatazame watu.

Juzi mumewe alikuja kazini na ujumbe kutoka kwa binti. Mama aandike mistari miwili tu ya kuwaomba radhi watu wa tamthilia. Mambo yapoe, na yeye arudi kula nyumbani Jumapili.

Bi Gundi anaupitisha uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza, bila miwani.

"Namtaka mwanangu mezani, hata kesho," anasema. "Na wale mafundi nitakwenda kuwaangalia machoni, mmoja mmoja, niwaambie nimelia kwa kazi ya mikono yao. Hilo nitaliandika hata kurasa kumi." Anavuta uzi mpaka ukaze. "Lakini radhi siombi. Sikukosea."