Fundo Langu la Uongo Kule Ziwani

Enzi zetu, sisi tuliokulia vilima vya Kondoa, ziwa lilifungwa na kufunguliwa kama duka, tena bila kufuli. Mvua za kwanza zikidondoka tu, Bibi Zaituni, mama yake baba yangu, alikuwa anashuka bondeni, anashika tete moja upande huu wa njia na jingine upande ule, anayafunga fundo kimo cha kiuno. Basi, imetoka hiyo. Hapiti mtu mpaka aje alifungue mwenyewe. Hata mlevi wetu wa kijiji, aliyekuwa anagombana na punda, akifika kwenye fundo anaomba radhi na kugeuza.

"Humo kambare anazaa," Bibi alikuwa anatuambia. "Haya matete ndiyo pazia la leba. Wewe Jumanne, ungependa watu wachungulie mama yako akijifungua?"

"Hapana, Bibi."

"Haya, tokeni hapo."

Tena alisema matete ndiyo yanayozuia mchanga unaoporomoka kutoka vilimani. Mkiyamaliza, ziwa litageuka uwanja wa mpira. Sisi tukafurahi kimoyomoyo, maana uwanja tulikuwa hatuna.

Ziwa likifunguliwa sasa, ndiyo raha. Tulizama kwenye tope mpaka shingoni, tunapapasa kambare kwa mikono, ruba wanatunyonya miguu, korongo wamesimama pembeni wanatuangalia kama wakaguzi wa elimu. Shuleni watoto wa ziwani tulijulikana kwa harufu. Mwalimu wetu alikuwa haiti majina. Ananusa tu, anaandika "yupo".

Nilikuwa darasa la sita, ambalo ndilo chuo kikuu changu, maana la saba sikuliona. Nilikuwa nimegundua dimbwi moja ng'ambo ya ziwa, katikati ya matete, lina kambare wanene kama mkono wangu. Tatizo ni Rama, rafiki yangu, jirani. Rama alikuwa na mikono mirefu, akishaingia majini anakuachia vyura. Nikawaza: na mimi nifunge fundo. Watu wote wataogopa, nitavua peke yangu. Akili hiyo ningeipeleka kwenye hesabu, leo ningekuwa waziri.

Nikafunga alfajiri. Ilipofika saa nne kijiji kizima kinajua. "Bibi Zaituni kafunga tena kule ng'ambo!" Mama yangu mzazi alikwenda kukata matete ya uzio, akarudi mikono mitupu. Nikacheka peke yangu. Halafu nikagundua kitu: kila anayepita lazima alitazame lile fundo. Kutwa nzima macho yako pale. Sasa mimi nitaingiaje? Hiyo nilikuwa sijaipigia hesabu.

Ijumaa, baada ya swala, wazee wakaja nyumbani. "Bibi, lile fundo la ng'ambo mbona umefunga bila kutuambia?"

Bibi akachukua fimbo yake, akashuka kwenda kuliangalia, wazee nyuma yake, na mimi nyuma ya wazee. Mimi ni mashoto. Kijiji kile hakuna mwingine aliyekuwa anafunga kamba kinyumenyume. Bibi akaliangalia fundo. Akauangalia mkono wangu. Nikajua nimekwisha.

Kumbe mtego ulikuwa wake zaidi kuliko wangu. Akisema si lake, kesho kila mtu atajua kuwa fundo hata mtoto anaweza kufunga, na hakuna atakayeliogopa tena, la kwake nalo likiwemo. Ziwa limekwisha hapo. Akisema ni lake, anawadanganya wazee, yeye ambaye alikuwa hadanganyi hata kuku.

"La kwangu," akasema. "Mkono unanisumbua siku hizi."

Njiani kurudi, wazee wameshatawanyika, alinishika sikio, hakuliachia mpaka mlangoni. "Umenifanya mwongo uzeeni. Sasa lile dimbwi halivuliwi mpaka mvua zijazo, na mlinzi ni wewe."

"Hata kambare mmoja, Bibi?"

"Wewe utakula mlenda."

Nikala mlenda mwaka mzima. Kila asubuhi nakwenda kukaza fundo langu, nasikia kambare wanajipiga majini, mate yananidondoka. Rama akawa ananitania, "Mashoto, siku hizi unanukia! Umeanza kuoga?"

Mwaka huo mvua zikachelewa mno. Ziwa likakauka, likapasuka kama kisigino. Kilichobaki ni dimbwi langu tu, chini ya matete ambayo hakuna aliyethubutu kuyakata. Mvua zilipokuja, kambare waliolijaza ziwa upya walitoka humo. Wazee wakamjia Bibi. "Shikamoo, Bibi. Kweli uliona mbali."

Akanitupia jicho. "Ulioona ni mkono wa kushoto," akasema.

Sasa njoo leo. Vitunguu vimelimwa mpaka mdomoni mwa maji, pampu zinakoroma, matete yamebaki ya kuhesabu, na upande mmoja kweli vijana wanacheza mpira. Kuna bango la chuma lenye sheria nyingi ndefu. Anayelitumia ni mbuzi, anajikuna. Binti yangu anasoma mambo ya mazingira chuoni kule Chimwaga, anaijua ardhi oevu kwa majina ambayo ulimi wangu unayakataa. Juzi nilimpeleka akaone lile dimbwi. Njia nzima alikuwa anatafuta mtandao.

Tulipofika, nikasimama. Matete mawili yamefungwa katikati ya njia. Mbichi bado. Fundo baya, kimo cha goti.

"Baba, haka kanyasi nako ni nini?" binti akauliza, na mguu keshauinua aruke.

"Rudisha mguu!"

Tukazunguka kwenye miiba, yeye analalamikia viatu vyake. Zamani fundo lililindwa na kijiji kizima na bibi mmoja mkali. Leo limebaki na kamwizi kamoja ambako kanataka kambare wote peke yake. Namwombea kwa Mungu asipate nafasi ya kuvua. Ale mlenda mwaka mzima.