Siku Tatu za Kufunga na Kipimo cha Furaha

Rafiki yangu, haya siwaambii watu wote, ila wewe najua utanibebea vizuri.

Zamani nyumba yetu hapa Woodbridge ilikuwa na amani. Mimi nahudumia wazee, jioni naenda darasa la Kiingereza. Binti yangu Furaha alipofika miaka kumi na sita akaanza kukonda, anajikuna, anasinzia mezani. Nikadhani damu imepungua, nikawa nampikia sombe, majani ya muhogo, kila siku. Kumbe. Asubuhi moja nikamkuta bafuni, midomo imekuwa bluu, anakoroma vibaya. Hospitali daktari akaniambia ni vidonge vya kulevya. Vingine polisi walivikuta kwenye begi lake la shule.

Tukaitwa kortini, na jaji akasema hatamfunga jela akikubali matibabu: mshauri kila wiki, na kupima mkojo kliniki siku yoyote akiitwa kwa simu. Asipotokea, anahesabiwa ametumia.

Miezi minne mkojo ulikuwa safi. Mimi nikataka Mungu amalize kabisa. Nikampeleka kwenye maombi ya kufunga siku tatu, simu tumezima. Akaniuliza, "Mama, wakiniita je?"

Nikamjibu, "Unamwogopa jaji kuliko Mungu?"

Kliniki waliita siku ya pili, simu bado tumezima, hakutokea.

Kortini nilijiandaa kusema alikuwa mgonjwa. Furaha akanivuta kitenge, akaninong'oneza, "Usidanganye, mama. Mimi mwenyewe nimechoka kudanganya." Nikasimama nikasema kosa ni langu. Jaji hakunigombeza. Alisema niombe naye, lakini nimlete kupimwa akiitwa, maana sheria ya kipimo ni moja kwa watoto wote. Miezi minne ikafutwa, akaanza upya.

Wiki ile ile alitumia tena. Aliniambia, "Nilikuwa safi, wakaniandika mchafu." Neno hilo bado linanichoma. Wakampeleka kituo cha matibabu cha kulala huko huko miezi mitatu, nikawa namwona Jumapili tu. Alitapika, alitetemeka, alikataa kuniangalia.

Leo ana mwezi wa tisa hajagusa kitu. Namshukuru Mungu, na yule mshauri ambaye hakumchoka. Furaha hajarudi kunizoea kama zamani, nangoja. Akiitwa, tunaomba ndani ya gari mlangoni pa kliniki, kwa kifupi, halafu anaingia.

Mama mwenzangu, funga, lia, omba, lakini simu iache wazi. Na kama kuna mama kanisani kwenu anayeficha mtoto wake kwa aibu, msomee haya.