Chainizi za Anga za Juu: Kutoka Iringa Hadi Uyole

Nilikwenda Uyole kwa sababu ya sanduku la mboga za chainizi zilizokuwa zinakufa. Nafundisha baiolojia katika sekondari moja ya Iringa mjini, na mwaka huo klabu ya sayansi ilitaka kujua wanaanga wanapataje mboga mbichi huko kusiko na udongo wala mvua. Tukatengeneza sanduku la plastiki lenye taa, tukaotesha chainizi juu ya vitambaa vibichi, tukalifunga. Wiki ya tatu majani machanga yakaungua kingo na mizizi ikaanza kunuka. Wanafunzi wakamlaumu Neema wa kidato cha tatu, aliyekuwa na kazi ya kumwagilia. Nami nikakubaliana nao. Nilimtoa kwenye zamu, na tangu hapo hakuonekana tena klabuni.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi nikiwa nimelipakata sanduku. Konda alitaka kuliweka kwenye buti, nikakataa. Mama mmoja niliyekaa naye aliuliza kama nimebeba vifaranga. Nilipomweleza kuwa ni majaribio ya kulima mboga angani, alizitazama kidogo, akasema za nyumbani kwake zina afya zaidi.

Mafinga tulipita kwenye ukungu, mashamba ya misitu yakionekana nusunusu. Makambako yule mama akashuka. Kutoka hapo barabara inateremka, na tulipofika Igawa watu walikuwa wameshavua masweta, wanachungulia madirishani kununua vitunguu. Kisha gari likaanza kupanda tena nyuma ya msururu wa malori.

Uyole nilifika mchana. Tusajigwe, rafiki yangu tangu chuo, ni mtafiti wa mboga. Alinipa pole ya safari, akaniandalia ndizi na maharage, na kabla sijamaliza kula alikuwa ameshafungua sanduku. Alinusa mizizi, akauliza tulimwagilia kiasi gani. Nikampa daftari la Neema la umwagiliaji. Alikuwa ameandika kila siku, maji akiyapima kwa bomba la sindano.

Tusajigwe alisoma ukurasa baada ya ukurasa.

“Maji hayakuzidi,” alisema. “Hewa ilikuwa inapita wapi?”

Nilimwambia tuliziba kila tundu kwa utepe wa gundi, isipokuwa lile la kupitishia bomba la sindano, ili lifanane na chombo cha angani.

Alinieleza kwamba hata huko angani mimea huwekewa feni, maana hewa ya moto haipandi yenyewe kama hapa kwetu. Jani likizungukwa na hewa iliyotulia na kujaa unyevu halitoi mvuke, na mzizi unaacha kuvuta maji. Maji yanabaki palepale, mizizi inaoza, na majani machanga hayapati chakula.

“Nani alisema mzibe?”

“Mimi.”

Alinipeleka kwenye kitalu chake, akanionyesha mboga zake zikitikisika mbele ya feni, kisha akanipa kifeni kilichotolewa kwenye kompyuta mbovu.

Jumamosi nilirudi kwa njia ileile, lakini sikumbuki nilichokiona dirishani. Nilikuwa natafuta maneno. Nilipofika Iringa sikwenda kwangu. Nilipitiliza hadi Kihesa, nyumbani kwa kina Neema. Mama yake alikuwa anachambua maharage uani. Alinikaribisha kigoda, akamwita binti yake.

Nilimweleza Neema yote: daftari, matundu, na kwamba niliyekosea ni mimi. Alisikiliza huku anatazama chini.

“Mimi nilijua sikuzidisha maji, Mwalimu,” alisema. “Ila hukuniuliza.”

Nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi. Mama yake akaacha kuchambua.

“Nitarudi, Mwalimu. Lakini wenzangu uwaambie wewe.”

Jumatatu, baada ya vipindi, niliwaambia. Wawili kati ya waliomlaumu walimwomba radhi palepale. Mmoja alichukua siku kadhaa. Kisha Neema akashika msumari wa moto na kuanza kutoboa sanduku jipya matundu ya hewa na ya kifeni.

Mavuno yalipokuja kila mmoja alipata majani mawili, yakaliwa mabichi darasani. Kuhusu kilimo cha angani nilijifunza mambo mengi safari ile, na mengine ninayafundisha sasa. Lakini kila jioni Neema alikuwa akiliacha daftari lake mezani kwangu, na hadi siku ninamwondoa sikuwa nimelifungua.