Sahani Zisizorudi Tupu

Jirani yangu wa mlango wa pili hapa ghorofani Al Rigga hajui kengele. Hugonga kwa pete, mara mbili, kisha huita hodi kama vile kuna ua wa kuvuka. Sahani yako ikiingia kwake na maandazi hairudi tupu, hata kama ni kwa ndimu tatu. Vipimo vyake vyote ni kanga. Aliporudi kutoka kutazama studio, chumba kimoja na jiko, anayohamia Al Nahda baada ya watoto wake wote kuondoka, alitangaza koridoni: "Chumba kanga tatu kwa mbili. Jikoni nikiingia mie, sufuria itoke." Vitanda akagawa, kabati akagawa, hata sinia la kulia watu wanane.

Asubuhi ya kuhama aligonga. Alishika sahani iliyofunikwa kawa, ndani sukari. "Gesi wameshakata, mwanangu, sikupata kupika. Sahani yako hiyo." Nilipoimimina sukari nikaona maua ya buluu, sahani yake mwenyewe. Sahani zangu zote ni nyeupe, naye amezijaza miaka tisa. Nikatoka mbio, lori limeshaondoka. Koridoni alisimama Talal, wa mlango wa mwisho, na sahani ya maua ya buluu mkononi. "Hii si yangu," akasema. Mlango mwingine ukafunguka, sahani ikatangulia kutoka.

"Twende Ijumaa hii tumrudishie zote," akasema Talal.

"Zote kwa siku moja za nini?" nikamwambia. "Kila mtu na Ijumaa yake, asikose wa kumpigia hodi."