Mabati ya Mama na Darubini ya Angani

Kwa msimu mzima niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili yangu yote ya shule ya jioni, kwamba bati jipya likiezekwa Gehandu, mmweko wake utapanda mpaka juu, utaipiga machoni darubini kubwa inayoelea huko angani, na darubini hiyo itadhani nyota imelipuka kijijini kwetu. Ikishadhani hivyo, itageuka. Na ikishageuka hatutapona tena, maana nyota ikilipuka huchunguliwa siku baada ya siku mpaka mwanga wake uishe, na mwanga wa bati hauishi mpaka lipate kutu. Tungetazamwa mchana kutwa: mama akisukwa nywele, baba akijikuna mgongo kwenye nguzo, mimi nikichota sukari ya wageni.

Msicheke mapema. Nilikuwa na sababu.

Miaka hiyo mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya, unanukia rangi bado. Milango ya biashara ilikuwa imeshafunguliwa siku nyingi, na maduka ya Katesh yalikuwa yamejaa vitu mpaka vingine vinalala barazani: masufuria, baiskeli, redio za kila ukubwa, mabati yaliyofungwa kwa waya. Mimi nilikuwa kijana mwenye ndevu tayari, nimemaliza darasa la saba zamani, nikaamua kusoma sekondari kwa masomo ya jioni hapo Katesh. Mchana nilikaa kwa fundi redio mmoja nikimshikia waya. Jioni nilikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu, nikisoma fizikia. Kijijini kwetu hapakuwa na mtu mwenye elimu kama yangu. Labda padri, lakini yeye hakujua miale ya gama.

Habari yenyewe tuliipata dukani kwa fundi. Redio ilikuwa imetoka kutengenezwa, tukawa tunaijaribu, tukaangukia kipindi cha sayansi. Mtangazaji alisema kwamba mbali sana, mbali kuliko nyota zote tunazoziona, nyota kubwa hufa kwa kishindo na kutoa mmweko wa miale ya gama. Mmweko huo huweza kwisha kwa sekunde chache, ukikohoa, umeukosa. Hewa yetu huizuia miale hiyo isitufikie, ndiyo sababu darubini imepelekwa juu ya hewa kabisa. Ikipata mmweko inajigeuza yenyewe, haraka, bila kusubiri mtu, ianze kutazama masalio ya mwanga...

Hapo betri zikaisha. Sauti ya mtangazaji ikawa kama ya mtu anayezama kwenye uji.

Tulikuwa watu kama mia dukani. Haya, tulikuwa wanne.

"Mmweko wowote?" aliuliza muuza vitunguu aliyekuja kufuata redio yake.

"Amesema mmweko," fundi akajibu. "Hakuchagua."

Tukatazama nje. Upande wa Jorodom, chini ya mlima, kulikuwa na nyumba iliyoezekwa wiki hiyo hiyo, na jua la saa nane lilikuwa limeliwasha paa lake mpaka tukafumba macho.

"Na ule je?" akauliza muuza vitunguu.

Muuza vitunguu aliweka kofia yake kichwani akaivuta chini, kama mtu ambaye tayari anatazamwa.

Kutoka Katesh mpaka nyumbani ni mwendo wa kutosha habari kunenepa. Nilipofika, nilikuwa najua kwamba kuna nyumba moja huko Dongobesh imeshageukiwa na darubini, na kuku wa nyumba hiyo wameacha kutaga. Hilo la kuku niliongeza mwenyewe njiani, lakini nilipolisema mara ya pili nililiamini kuliko yote.

Sasa, nyumbani kwetu hii haikuwa habari ya kupitisha jioni tu. Chini ya kitanda cha wazazi wangu kulikuwa na mabati mapya. Mama ndiye aliyeyanunua, kwa mbaazi zake alizolima misimu mitatu kwenye shamba ambalo baba alilidharau. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, ile ya paa bapa la udongo, nusu imejichimbia kwenye mteremko. Nyasi ziliota juu yake. Mbuzi wetu mmoja alikuwa anapanda kutoka upande wa nyuma anakula paa, na nawaambia alilila mpaka tukawa tunaziona kwato zake tukiwa tumelala. Mvua ikinyesha, nje inanyesha siku moja, ndani inanyesha siku tatu. Mama alikuwa na sufuria la kila tundu. Alitaka bati, alitaka na mfereji wa kukingia maji yaende kwenye pipa, asishuke tena korongoni na ndoo. Na alitaka liwe juu kabla ya masika.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kuku na vyote. Halafu akasema, "Hayo mabati yabaki chini ya kitanda."

"Baba yao!" mama akasema.

"Yabaki mpaka tujue hicho kitu kinatazama wapi."

Mtu wa kwingine angecheka. Baba yangu alilelewa na watu waliojenga nyumba ili zisionekane. Babu alipenda kusimulia jinsi wezi wa ng'ombe walivyopita juu ya paa lao wakidhani wanapita malishoni, na ndani ng'ombe wameshikwa midomo wasilie. Kwa baba, nyumba inayometameta kutoka mbali ilikuwa kama kusimama juu ya kichuguu na kupiga kelele, jamani, tuna ng'ombe huku. Tangu mwanzo mabati hayakumtulia moyoni. Mimi nilimletea sababu, tena ya kisayansi.

Siku chache baadaye alikuja na suluhisho. "Tuezeke," akasema, "halafu juu yake tuweke udongo."

Mama alikuwa anapepeta maharage. Aliacha ungo. "Nimelima mbaazi misimu mitatu ninunue bati, halafu nilizike?"

"Si kulizika. Kulifunika."

"Kuna tofauti gani?"

Baba alinitazama mimi msomi nimsaidie kueleza tofauti. Mimi nikauokota ungo, nikaendelea kupepeta.

Mawingu yakaanza kulala kwenye Mlima Hanang mpaka kilele hakionekani tena. Mvua ya kwanza ikaja, ya kuonja tu, na mama akapanga masufuria. Alipomaliza akanigeukia. "Hiyo darubini umeileta wewe. Nenda kaiondoe."

Nilikwenda kumuuliza mwalimu wetu wa fizikia. Alikuwa mama wa makamo, mchana anafundisha sekondari, jioni anatufundisha sisi watu wazima kwa uvumilivu ambao sijauona kwingine. Lakini siku hiyo darasa lilikuwa limejaa, na mimi nilikuwa nimeshajijengea sifa. Ningesimamaje niseme habari ya bati la mama? Nikauliza kwa sauti ya kitaalamu: "Mwalimu, masalio ya mwanga wa mlipuko wa miale ya gama hutazamwa kwa muda gani?"

Alifurahi mpaka akaweka chaki mezani.

"Ukimwagia moto mafuta ya taa inakuwaje?" akatuuliza.

"Unalipuka, puu!"

"Halafu?"

"Halafu nyusi zinaungua," akasema askari mgambo aliyekaa nyuma, na darasa likacheka.

"Halafu yanabaki makaa," mwalimu akasema, naye akicheka. "Mekundu, yanafifia polepole. Ule mlipuko haukupi nafasi ya kuuliza chochote. Makaa yanakupa. Ndiyo maana darubini inageuka haraka, iwahi makaa yakiwa bado mekundu. Inayatazama saa kadhaa, siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Darubini nyingine nazo zinaitwa zije kutazama. Kwenye makaa hayo ndipo wanajua nyota ilikuwa mbali kiasi gani."

Saa, siku, wiki. Tena zinaitana! Nilirudi nyumbani nimeelemewa.

"Imethibitishwa," nikawaambia. "Wiki. Na zinakuja nyingine."

"Nilisema," baba akajibu.

Mama aliweka sufuria chini kwa nguvu mpaka mbuzi akaruka kutoka paani. Siku ya mnada alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda Katesh, akamtafuta mwalimu wangu kati ya wauza ng'ombe na wauza mitumba mpaka akampata. Akamwalika kula kwetu Jumapili. Mimi nilikuja kujua mgeni akiwa ameshafika, namwona anainama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Angalia kichwa."

Usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha, na paa letu lilikuwa bado halijamaliza. Mama akamkalisha mgeni kwenye kigoda kizuri, chini ya tundu kubwa kuliko yote. Haikuwa bahati mbaya. Tone la kwanza lilimpata mwalimu begani kabla hajanawa mikono.

"Pole, mwalimu," mama akasema kwa upole wa malaika. "Ndivyo tunavyoishi."

Tulikula kande kwa maziwa ya mgando. Mwalimu alikuwa amebeba karatasi kwenye mkoba, picha mbili alizochapa kutoka kwenye kompyuta. Mama alikuwa amemwambia tu kwamba mzee anapenda kujua habari za darubini. Zote mbili zilikuwa nyeusi na vidoa vyeupe, kama mtu amekung'uta unga juu ya sufuria.

"Hapa ni mahali pamoja pa anga," mwalimu akaeleza. "Hii imepigwa mara baada ya mlipuko. Hii imepigwa siku kadhaa baadaye. Kuna moja haipo."

Baba aliishika picha mbali na macho, kisha karibu. Mimi niliona vidoa elfu kumi na sikuona tofauti. Mama alipita na bakuli, akachungulia juu ya bega la baba, akaweka kidole.

"Huyu. Kwenye hii yupo, kwenye hii hayupo. Haya, mwalimu, endelea."

"Ndiye huyo huyo," mwalimu akasema. "Masalio ya mwanga wake yalikuwa yanafifia, yakafifia, yakaisha. Na mwanga huo ulipoanza safari, baba, huu mlima Hanang ulikuwa haujakuwepo. Dunia yenyewe ilikuwa haijakuwepo."

Tone likaanguka kwenye sufuria, na jingine. Baba alikigusa kile kidoa kwa ukucha, taratibu, kama anavyogusa sikio la ndama mgonjwa.

"Kwa hiyo alikufa zamani zote hizo," akasema, "na ndiyo kwanza taarifa ya msiba imefika."

"Ndiyo, baba."

"Na hawa wenye darubini wameuwahi."

"Wameuwahi kidogo tu. Wangechelewa siku chache, wangekuta giza."

"Wamefanya vizuri," baba akasema. Aliyasema kwa moyo. Akamrudishia picha kwa mikono miwili. Ndipo akakohoa. "Sasa, mwanangu. Na bati?"

"Bati gani?"

Wote wakanitazama mimi. Mimi nikalitazama sufuria, lilikuwa karibu kujaa, nikaona ni vizuri nikalimwage. Nikiwa nje nilimsikia mama akieleza: mmweko, kugeuka, Dongobesh, kuku. Alieleza bila kuongeza kitu, na ilisikika vibaya sana. Niliporudi mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga yake na mabega yanatetemeka. Alijikaza. Mbele ya mzee hakucheka kwa sauti, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

"Baba," akasema, "ile darubini iko juu yetu, ni kweli. Lakini inatazama nje, kule mbali. Sisi tuko mgongoni kwake. Na inapozunguka, dunia ikitaka kuingia mbele yake, inapishana nayo. Dunia inang'aa mno kwake. Inaweza kuiharibia macho."

"Inatukwepa?"

"Inatukwepa, baba."

Baba alifikiri. Niliona kama ameudhika kidogo. "Kwa nini itukwepe? Tumeikosea nini?"

Lakini mama hakungoja kesi hiyo iamuliwe. Alikuwa ameshapiga magoti chumbani, tunasikia bati likikwaruza sakafu. Baba akainuka, akavaa kofia, akasimama mlangoni akitazama lile wingu mlimani kwa muda.

"Nakwenda kwa jirani kuazima ngazi," akasema, "na fundi nimwambie kesho asubuhi." Akatoka bila kunitazama.

Nilibaki na mwalimu. Heshima yangu ya msimu mzima ilikuwa imelala kwenye lile sufuria, nami nikajaribu kuokoa kipande.

"Lakini mwalimu," nikasema, "mmweko wa bati nao si ni mmweko? Tuseme darubini imekosea, imegeuka, imetutazama uso kwa uso..."

"Bati linarudisha mwanga wa jua tu," akasema, akisimama na kujipangusa maji begani. "Halitoi miale ya gama. Hata ingetutazama, isingegeuka kwa ajili yenu. Nenda ukamshikie mama yako upande wa pili."