Mitiki ya Chole Iliyonivua Usomi

Sababu ya safari ilikuwa mdomo wangu. Tangu nipande mitiki kwenye shamba la shangazi yangu kule Chole ya Kisarawe, miaka kumi na miwili sasa, nimekuwa nikimwahidi kwamba mbao zake ndizo zitakazobeba bati juu ya nyumba yake ya makuti. Mwaka huu jirani yake alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa katikati ya kiangazi, wakati mitiki hupukutika ikabaki vijiti, lakini yangu ilikuwa kijani kibichi. Mimi ni karani wa masjala, mbao ninazozijua vizuri ni za meza yangu. Nikajisemea: majani miezi mingi zaidi, basi na unene zaidi. Nikampigia Shangazi Zena nikamwambia aezue makuti, Jumamosi naja na fundi na bati, mbao zinatusubiri shambani. Mke wangu aliuliza kama kuna mtu aliyeipima hiyo miti. Nilimjibu kwa dharau ambayo sasa naionea haya.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka kwetu Sofu, Kibaha, na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo cha Fundi Mrisho, seremala wa mtaani kwetu. Nyuma kulikuwa na mabati, misumari na msumeno wa mashine. Mbele nilikuwa mimi na shati jeupe, kwa ajili ya picha.

Kisarawe mjini tulisimama kunywa chai. Hapo nilitoa mhadhara ambao hakuna aliyeuomba. Nilimweleza fundi kwamba dunia imepata joto, misimu imesogea, mvua zinanyesha hata mwezi wa saba, na kwa hiyo miti sasa ina muda mrefu wa kukua. Wengine wanalia na tabianchi, nikamwambia, sisi wenye mitiki tunafaidi. Mrisho alichovya chapati kwenye chai, akasema "ahaa", akaendelea kula.

Tulipopita Maneromango njia ikawa mchanga mtupu. Tulikwama mara mbili, nikasukuma na shati langu. Pembeni kulikuwa na mashamba ya mahindi yaliyofika magotini yakakauka; watu waliamini ile mvua ya mwezi wa saba, wakapanda, mvua ikakata. Fundi aliniuliza kama na hayo yamefaidi. Nilijifanya nakung'uta mchanga kwenye viatu.

Saa tano tuliingia Chole. Shangazi alitupokea mlangoni, nikamwamkia, akaitika marahaba na kunishika mikono yote miwili. Nyumba ilikuwa wazi juu, nyeupe kwa mwanga. Makuti yote yalikuwa chini. Kitanda chake alikifunika kwa mikeka, na sanduku lake la nguo lilikuwa juu ya matofali, tayari kwa maisha mapya. Upande wa kusini wingu lilikuwa limeanza kujikusanya. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Shambani ndipo aibu ilipokaa. Majani yalikuwa mapana kama sinia, lakini mashina hayakuzidi paja langu, na mimi si mtu wa mapaja. Fundi aliangusha mti mmoja, na nilipoona duara kwenye kisiki nikachuchumaa kuzihesabu. Zilikuwa kumi na tano. Nikasimama kwa furaha nikatangaza kwamba mti wa miaka kumi na miwili umekua miaka kumi na mitano!

Mrisho hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alinionyesha kwa kidole. Duara za katikati, za miaka ya mwanzo, zilikuwa pana. Za karibu na gome zilikuwa nyembamba kama kucha, nyingine zimebanana mbili mbili. Alisema kila mvua ya uongo inaponyesha mti unachipua, jua likirudi unasimama, halafu unaanza tena. Akiba yote inaishia kwenye majani. Mti wenyewe ulikuwa mweupe karibu wote, kiini chake kigumu kilikuwa kidogo kama yai. Ukipaua kwa huu, alisema, mchwa watahamia kabla ya mwenye nyumba.

Nilirudi kwa Shangazi nimebeba ulimi mzito. Nilimwambia mbao hakuna. Aliitazama nyumba yake isiyo na paa, akanitazama mimi.

"Nilijua ni myembamba," alisema. "Kila mwaka naikumbatia. Mikono yangu inakutana na kupitana."

Nilimuuliza kwa nini basi aliezua.

"Wewe ndiye uliyesoma, baba. Nikasema huenda macho yangu yamezeeka."

Nimewahi kugombezwa na wakubwa ofisini mbele ya watu. Haikuniuma kama maneno hayo hata kidogo.

Alasiri tulifunga turubai la kirikuu juu ya chumba chake, mimi nikiwa nimekaa juu ya ukuta na shati lililokuwa jeupe. Mvua ilinyesha tukiwa tunafunga kamba ya mwisho. Upande wa jikoni ulilowa wote, na unga wake ukalowa pia.

Jioni tulirudi Kibaha. Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikanunua mbao za Iringa, na Jumatano tukarudi Chole kupaua. Niliacha nyumbani shati jeupe na mhadhara. Kabla fundi hajapigilia chochote, nilimpa Shangazi kila ubao aushike na kuukagua. Mmoja aliukataa akisema umepinda, na kweli ulikuwa umepinda.

Bati la mwisho lilipokaa, alisimama chini yake akitazama juu muda mrefu. Akauliza kama huko Iringa mvua bado zinakuja kwa wakati wake, na kama miti yao itaendelea kunenepa.

Jibu la kisomi lilinifika mdomoni. Nikalimeza.

"Sijui, Shangazi," nikasema.

Akaniwekea chai.